MBUZI HALI PEKE YAKE
Na Mwandishi Wetu

WATU wengi wa mjini wanaofuga mbuzi wawili watatu nyuma ya nyumba huamini kwamba mnyama huyu hana shida ya chakula. Hupewa ukoko wa ugali, wali uliolala, maganda ya viazi na pumba iliyobaki mashineni, na akifunguliwa kamba hujitafutia mwenyewe kandokando ya barabara. Kisha, baada ya miezi minane au tisa, mwenye mbuzi hushangaa kuona mnyama wake bado ana kimo kile kile, mbavu zinahesabika na manyoya yamesimama. Au, asubuhi ya siku ya pili ya arusi ya jirani, humkuta amelala chini, tumbo limevimba, hawezi kuinuka.

Siku hiyo husemwa maneno mengi. Yuko atakayesema mbuzi ametiliwa sumu. Mwingine atasema amepigwa jicho. Wa tatu atailaumu mbegu. Ni nadra kumsikia mtu akisema jambo lililo karibu zaidi na kweli, nalo ni kwamba aliyeumia kwanza si mbuzi mwenyewe. Walioumia kwanza ni viumbe wadogo mno wanaoishi ndani ya tumbo lake, na ambao bila wao mbuzi angekufa njaa katikati ya shamba la majani.

Kwa familia ya mfanyakazi hili si jambo la kupuuza. Mbuzi ni sare za shule mwezi wa Januari, ni nauli ya msibani, ni maziwa ya mtoto na kitoweo cha sikukuu. Ndiye akiba ya mtu ambaye mshahara wake hauachi baki. Yafaa basi kujua akiba hiyo hukuaje, na kwa nini mara nyingi hudumaa.

Nyuzinyuzi ni kitu gani?

Kila jani, bua na gome la mti lina kuta ngumu zinazoushikilia mmea usianguke. Kuta hizo ndizo tuziitazo nyuzinyuzi. Sehemu yake kubwa ni selulosi, ambayo kwa asili ni sukari iliyofungwa pamoja kwa minyororo mirefu. Pamoja nayo imo hemiselulosi, iliyo laini zaidi, na lignini, ambayo ndiyo huupa mti ugumu wake na ambayo karibu haiyeyushwi kabisa tumboni.

Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuifungua minyororo ya selulosi. La ajabu ni kwamba mwili wa mbuzi nao hauna, wala wa ng'ombe au kondoo. Mbuzi hushiba majani ambayo kwa nguvu zake mwenyewe hawezi kuyayeyusha. Amewezaje basi kuishi kwa chakula hicho tangu enzi na enzi? Amewakaribisha wapangaji.

Nyumba ya vyumba vinne

Mpishi yeyote wa supu ya utumbo anayajua matumbo manne ya mbuzi, ingawa huenda hajui kazi zake. La kwanza, lililo kubwa kupita yote, lina vinyweleo vifupi kwa ndani mithili ya taulo. La pili lina vijumba kama sega la nyuki. La tatu lina kurasa kurasa kama kitabu. La nne ni laini, na ndilo linalofanana na tumbo letu sisi, kwa kuwa ndimo hutoka asidi na vimeng'enya vya kuyeyushia chakula.

Tumbo la kwanza, ambalo wataalamu huliita rumeni, ni pipa la kuchachushia. Ndani yake mna joto la nyuzi 39 hivi, mna giza, mna maji, na hewa ya oksijeni ni haba mno. Katika hali hiyo huishi bakteria wasiohesabika: tone dogo la ujazo wa mililita moja huwa na bakteria bilioni 10 na zaidi. Pamoja nao wamo protozoa, ambao ni wakubwa kuliko bakteria, na kuvu ambao hupenya katika majani makavu na kuyapasua.

Kwa miaka mingi wataalamu hawakuweza kuwachunguza bakteria hao vizuri, kwa sababu hufa wakikutana na hewa ya kawaida. Mmarekani Robert Hungate, aliyezaliwa mwaka 1906 na kufariki mwaka 2004, ndiye aliyebuni njia ya kuwaotesha katika vyombo visivyo na oksijeni. Kitabu chake juu ya rumeni na vijidudu vyake kilitolewa mwaka 1966, na tangu hapo elimu ya kulisha wanyama wanaocheua haikurudi ilikokuwa.

Kodi ya wapangaji

Miongoni mwa bakteria hao wako mafundi wa nyuzinyuzi, kama vile Fibrobacter na Ruminococcus. Hao hujibandika juu ya kipande cha jani, huikata minyororo ya selulosi na kuila sukari iliyomo. Baada ya kula hutoa asidi tatu: ya asetiki, ambayo ndiyo ile ile iliyomo katika siki, ya propioniki na ya butiriki. Asidi hizo hupenya katika vile vinyweleo vya rumeni na kuingia damuni. Ndizo chakula halisi cha mbuzi. Kiasi cha asilimia 70 ya nguvu anayoitumia mbuzi kutembea, kukua na kutoa maziwa hutokana nazo.

Kodi ya wapangaji haiishii hapo. Bakteria huzaliana kwa kasi, na kila wakati sehemu yao husukumwa pamoja na chakula kwenda tumbo la nne. Huko huyeyushwa kama nyama. Mbuzi, ambaye kila mtu humdhania mla majani mtupu, hupata sehemu kubwa ya protini yake kwa kuwala wapangaji wake mwenyewe. Misuli tunayoinunua buchani kwa kilo imejengwa kwa bakteria.

Kutokana na hayo mfugaji anapata kanuni moja iliyo rahisi kukumbuka: anayemlisha mbuzi huwalisha bakteria kwanza. Bakteria wakishiba chakula kinachowafaa, mbuzi hukua. Wakinyimwa, au wakipewa chakula cha kuwadhuru, mbuzi hudumaa hata kama hori lake limejaa.

Siku ya pili ya arusi

Sasa na tuitazame asubuhi ile ya msiba wa zizini. Usiku uliotangulia palikuwa na karamu, na wali, pilau na ugali vikabaki. Mwenye mbuzi, kwa nia njema kabisa, akavimimina horini. Mbuzi ambaye wiki nzima alikula majani akajaza tumbo wanga mtupu.

Wanga ni mwepisi kuchachuka. Bakteria wa selulosi hufanya kazi polepole, lakini wako wengine, kama vile Streptococcus bovis, ambao wakiuona wanga huzaliana kwa saa chache tu na kutoa asidi ya laktiki kwa wingi. Asidi hiyo ni kali kuliko zile tatu za kawaida. Mafundi wa nyuzinyuzi hawaistahimili. Kazi yao hufifia, kisha hufa kwa wingi. Ukuta wa rumeni huungua, maji ya mwilini huvutwa kuingia tumboni, mnyama huhara, hukaukiwa mwili, huyumba na kulala. Asipohudumiwa upesi hufa, mara nyingi katika siku moja au mbili.

Mbuzi amepewa kinga yake dhidi ya balaa hilo, nayo ni mate. Mate ya mbuzi yana bikaboneti, jamaa ya magadi tunayotia katika maharage, na kazi yake ni kuipoza asidi. Lakini mate hayo hutoka kwa wingi pale tu mbuzi anapotafuna na kucheua. Majani marefu yenye nyuzinyuzi humfanya acheue kwa saa saba au nane kwa siku. Wali na uji wa pumba havicheuliwi. Huteremka kama vilivyo. Ndiyo sababu chakula kile kile kinacholeta asidi humnyima mnyama dawa ya asidi.

Hatari hii haitokani na karamu peke yake. Mbuzi anayelishwa pumba na ukoko kila siku, bila majani ya kutosha, huishi na asidi ya kadiri ambayo haimwui. Hula leo, kesho akasusa. Kinyesi chake huwa laini badala ya kuwa punje ngumu. Kwato humwuma. Mwenye mbuzi hudhani ni minyoo, akanunua dawa ya minyoo, na hali isibadilike. Kama ni mbuzi wa maziwa, mafuta katika maziwa hupungua, kwa kuwa mafuta hayo hutegemea sana asidi ya asetiki itokanayo na nyuzinyuzi. Wafugaji wa Mgeta katika milima ya Uluguru, ambako mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway waliingia vijijini katika miaka ya 1980, hawawezi kutegemea pumba peke yake na kutarajia maziwa mazito.

Kila kitu na kadiri yake

Msomaji asije akadhani kwamba dawa ni kumpa mbuzi nyuzinyuzi tupu. Mabua makavu ya mahindi, na nyasi zilizosimama juani tangu mvua za mwisho, yana nyuzinyuzi nyingi, lakini zimefungwa na lignini. Bakteria huhangaika nazo kwa siku nyingi. Rumeni hubaki imejaa, mbuzi hujiona ameshiba na huacha kula, kumbe kilichoingia damuni ni kidogo.

Tena bakteria, kama kiumbe chochote, wahitaji naitrojeni ili wazaliane, nayo hutoka katika protini ya chakula. Protini ikipungua chini ya asilimia 7 hivi ya chakula kikavu, kazi ya bakteria huzorota. Nyasi za kiangazi katika mikoa kama Dodoma na Singida mara nyingi hushuka chini ya kiwango hicho. Ndipo tunapomwona mbuzi mwenye tumbo kubwa na mgongo mwembamba: ana mzigo tumboni, hana chakula mwilini.

Kiasi kidogo cha nafaka, pumba au mashudu, kikiongezwa juu ya majani mazuri, huwapa bakteria nguvu na naitrojeni, na ukuaji huongezeka. Asidi ya propioniki huzidi kidogo, na ini la mbuzi huigeuza kuwa sukari ya damu inayojenga mwili. Lakini kiasi hicho kikipita nusu ya chakula chote, aina za bakteria hupungua, mafundi wa nyuzinyuzi hutoweka, na faida hugeuka hasara. Nyuzinyuzi nyingi mno humchelewesha mbuzi. Chache mno humwua. Hekima iko katikati.

Tufanye hesabu ndogo. Mtoto wa mbuzi wetu wa kienyeji huzaliwa na uzito wa kilo 2 hivi. Akiongezeka gramu 30 kwa siku, atatimiza mwaka akiwa na kilo 13. Akiongezeka gramu 50 kwa siku, atatimiza mwaka akiwa na kilo 20. Gramu 20 za tofauti ni sawa na vijiko vitano vya chai vya sukari. Mwisho wa mwaka zimekuwa kilo saba, na mnunuzi mnadani huziona kwa macho kabla hajamshika mbuzi kiunoni.

Mtoto huzaliwa bila wapangaji

Rumeni ya mtoto wa mbuzi aliyezaliwa leo ni ndogo, imelala na haina bakteria wa maana. Anaponyonya, mkunjo maalumu hujifunga kama bomba na kuyapeleka maziwa moja kwa moja tumbo la nne. Wapangaji huja kidogo kidogo: kutoka ulimi wa mama anapomlamba, kutoka chuchu, kutoka majani aliyoyagusa mama. Protozoa hawafiki kabisa asipokaa karibu na wanyama wengine wanaocheua. Kwa hiyo kumtenga mtoto peke yake kwa muda mrefu ni kumchelewesha.

Kuanzia wiki ya kwanza au ya pili huanza kudokoa majani. Mfugaji asimzuie. Majani laini yanayoingia tumboni huinyoosha rumeni na kuipa misuli. Asidi ya butiriki, ambayo hutoka kwa wingi akionja chakula kidogo cha nafaka, huviotesha vile vinyweleo vya kufyonzea. Yote mawili yahitajika. Kufikia wiki ya nane hivi rumeni huwa imeanza kazi sawasawa. Mtoto aliyenyweshwa maziwa tu mpaka miezi mitatu, kisha akaachishwa ghafula na kufungwa kwenye nyasi kavu, hukonda mbele ya macho, kwa sababu kiwanda chake hakikujengwa. Wengi wa mbuzi waliodumaa walidumazwa katika wiki hizo.

Kisa cha mlusina

Atakayetaka ushahidi kwamba bakteria ndio wenye kuamua, na autazame mlusina. Mti huu wenye asili ya Mexico na nchi jirani umeenea hapa kwetu, na majani yake yana protini nyingi, kiasi cha asilimia 20 na zaidi ya uzito mkavu. Lakini yana pia sumu iitwayo mimosini. Huko Australia, mifugo walioyala kwa wingi walinyonyoka manyoya, wakavimba tezi ya shingo na kuacha kukua. Huko Hawaii na Indonesia, mbuzi waliyala majani hayo hayo bila kudhurika.

Mtaalamu wa Australia, Raymond Jones wa shirika la utafiti la CSIRO, alihisi kwamba tofauti haikuwa katika mti wala katika damu ya mbuzi, ila katika wapangaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake walichukua bakteria kutoka rumeni za mbuzi wa Hawaii na kuwatia katika mifugo wa Australia. Mifugo hao wakaanza kula mlusina pasipo madhara. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986, na mwaka 1992 bakteria mmoja mwenye kazi hiyo alipewa jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Mbuzi hawakubadilishwa hata unywele. Waliobadilishwa ni wakazi wa tumboni.

Mfugaji wa hapa aweza kuutumia mlusina kwa faida, mradi usizidi theluthi moja ya majani anayotoa kwa siku.

La kufanya nyumbani

Mbuzi wa kilo 25 huhitaji kiasi cha kilo moja kasoro robo, au moja kamili, ya chakula kikavu kwa siku. Kwa kuwa majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, hiyo ni sawa na kilo tatu au nne za majani yaliyokatwa leo. Mjini majani hayapatikani kwa urahisi, lakini yapo: majani ya mwembe na mfenesi yanayopogolewa, mabingobingo ya mabondeni, matembele yaliyokomaa, maganda ya ndizi, majani ya mahindi na ya kabichi yanayotupwa sokoni. Mbuzi kwa tabia ni mla majani ya miti, hupenda kuinua kichwa. Yafunge mafungu na kuyaning'iniza badala ya kuyatupa chini penye mkojo.

Pumba na mashudu visizidi robo kilo kwa siku kwa mbuzi wa uzito huo, navyo vitolewe baada ya majani, wala si kabla. Makombo ya wanga yawe konzi moja tu. Usibadili chakula ghafula. Jamii ya bakteria huhitaji siku 10 hadi 14 kujipanga upya, kwa hiyo chakula kipya kianze kidogo na kuongezwa siku hadi siku. Maji safi yawepo wakati wote.

Vidonge vya rangi mbili, ambavyo baadhi yetu humnywesha mbuzi kila anapokohoa, huua bakteria wa rumeni pamoja na wa ugonjwa. Asipewe ila kwa agizo la mganga wa mifugo. Na mifuko ya plastiki, ijapokuwa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, bado vipande vyake vimo katika majalala. Mbuzi akivila hubaki rumeni maisha yake yote, kwa sababu hakuna bakteria wa rumeni awezaye kuvimaliza. Hujaza nafasi ya chakula mpaka mnyama akafa na njaa tumbo likiwa limejaa.

Akipatikana mbuzi aliyelaliwa na wanga, tumbo limevimba na amelegea, ondoa chakula chote cha nafaka na mwite mganga wa mifugo bila kungoja jioni.

Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kwa mbuzi wa mjini, kamba hiyo iko mkononi mwa baba, mama na watoto wa nyumba. Mtoto atumwaye jioni kuleta fungu la majani aambiwe analibebea nini: analipeleka kwa mabilioni ya vibarua wasioonekana, ambao usiku kucha watalifanyia kazi, na malipo yao yataonekana Januari, siku ya kununua sare.